Picha ya rada ya ndege inapokudanganya: dalili, sababu na cha kufanya, kwa tunaozunguka Lindi na Mtwara

Mwaka juzi nilichora mstari mwekundu kwenye picha ya rada iliyopigwa na ndege, zile tunazosomea miamba, upande wa Nachingwea, mrefu na umenyooka kama umepigwa rula, nikauandika "mpasuko", yaani mahali mwamba umevunjika, na nikajisifia moyoni kabisa. Kiangazi tukaenda kuutafuta. Tumetembea vichakani toka saa moja asubuhi, mimi na kijana mmoja na mzee wa pale kijijini aliyekuwa anatuonyesha njia, GPS inasema tumefika, tuko juu ya mstari wenyewe, naangalia chini natafuta mwamba uliovunjika sioni kitu, ni tuta tu la udongo limeota miti. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, kwani unatafuta nini hapa relini?" Reli gani tena mzee? Akachukua panga akafukua kidogo ubavuni mwa tuta, zikatoka kokoto za kuvunjwa, saizi moja zote kama ngumi ya mtoto, za mwamba ambao hapo jirani haupo. Kumbe ni ile reli ya karanga, waliyoijenga Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuja mpaka Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa kulima karanga, mradi ukafa na reli yenyewe ikang'olewa miaka ya 1960. Mpasuko wangu ulikuwa unatoka stesheni unaenda stesheni.

Toka siku hiyo kila picha nikiletewa naiuliza maswali mawili kabla sijashika penseli: ndege ilikuwa upande gani, na ni kitu gani pale chini kilichorudisha mwangwi. Rada yenyewe inajua mambo mawili tu, mwangwi umechukua muda gani kurudi na umerudi na nguvu kiasi gani, basi, hayo mengine yote ya mwamba na mpasuko na tabaka ni sisi tunaongeza. Na wimbi haliendi chini wima, ndege inalirusha ubavuni kwa mshazari, ndo maana karibu kila tatizo hapa chini linaanzia kwenye huo mshazari.

Mabonde yanaonekana matuta, mto unapita juu ya kilima

Hii inawatisha sana wanaoanza na wala sio tatizo la picha, ni macho yako. Macho ya binadamu yamezoea kivuli kuangukia upande wa anayeangalia, ukiweka picha vivuli vikaelekea mbali na wewe basi ubongo unapindua kila kitu. Zungusha picha mpaka vivuli vinakujia tumboni, hata kama kaskazini itakuwa chini, sio dhambi, utaigeuza tena wakati wa kuchora ramani.

Ila kama ukizungusha sehemu moja inakaa sawa na sehemu nyingine bado imepinduka, hapo angalia vipande vilivyounganishwa. Ndege inaenda inarudi, na kama rubani alikuwa anarudi na antena ikaangalia upande ule ule wa bawa, basi mkanda mmoja (picha ya safari moja ya ndege) umepigwa kutoka mashariki na mwingine kutoka magharibi na mtu ameviunga kama mkeka. Kazi iliyopangwa vizuri mikanda yote inaangalia upande mmoja. Yako kama haiko hivyo usiitumie kama picha moja, tenganisha mikanda usome mmoja mmoja.

Milima ya mawe imeegemea upande mmoja, au kilele kimetangulia mguu

Hapa nitakaa kidogo maana Masasi ndo darasa lenyewe. Ile milima ya mawe ya Masasi, Mtandi na wenzake, imesimama ghafla kutoka kwenye tambarare, kuta zake ni mwamba mtupu mkali. Rada inapanga vitu kwa umbali kutoka kwenye ndege, sasa kama kilele kiko karibu na ndege kuliko mguu wa mlima, kilele kinarudisha mwangwi kwanza, kwa hiyo kwenye picha kinachorwa upande wa ndege, mbele ya mguu wake mwenyewe. Mlima unakuwa kama umeangukia kifudifudi.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua jiwe la mita 200. Wimbi likipiga kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima, yaani sehemu ya karibu na njia ya ndege, kilele kinasogea kama mita 350 kuelekea ndege. Likipiga kwa nyuzi 60, upande wa mbali, kinasogea kama mita 115 tu. Kivuli ndo kinyume chake, kwenye nyuzi 30 kivuli cha jiwe hilo ni mita 115, kwenye nyuzi 60 kinakuwa mita 350. Kwa hiyo mawe mawili yanayofanana kabisa kwenye mkanda mmoja yatatoka na sura mbili tofauti kulingana na yalivyo karibu au mbali na ndege, na kuna mtu ataandika ripoti kwamba ni miamba ya aina mbili. Kwenye setelaiti hii haisumbui sana kwa sababu iko juu mno, pembe inabadilika kidogo kutoka ukingo mpaka ukingo, ila kwenye ndege pembe inaweza kuanza nyuzi 30 ikaishia 60 na kupita ndani ya mkanda mmoja.

Ukuta wenye mteremko mkali kuliko hiyo pembe ndo unaojiangukia hivi. Wenye mteremko mdogo unafupishwa tu, unaonekana mwembamba na mweupe sana. Cha kufanya: programu ya kusahihisha kwa kutumia modeli ya mwinuko, yaani data ya urefu wa ardhi (ile ya SRTM ya mwaka 2000 ni ya bure na ina pikseli, yaani vijimraba vya picha, za mita 30) itarudisha milima mahali pake. Ila tuelewane, pale ambapo mwangwi wa kilele na wa mguu umerudi kwa wakati mmoja habari zimeshachanganyika, programu inatandaza tu uji uleule. Usichore matabaka humo. Tafuta mkanda wa jirani ambao mlima huohuo umetokea upande wa mbali, ndo maana wanaojua kazi wanarusha mikanda inayopandiana zaidi ya nusu.

Na kivuli cha rada sio kama cha jua. Kwenye kivuli cha jua unaona kidogo, kwenye cha rada hakuna kitu kabisa, ni kelele za mashine tu. Ukipandisha mwanga kwenye laptopu ukaona "umbile" humo ndani, umeliumba wewe.

Sehemu niliyoitaka ndo iko gizani

Newala. Uwanda wa Makonde unateremka polepole kuelekea bahari, halafu upande wa magharibi na wa Ruvuma unakatika ghafla, wanaofika pale wanajua, unasimama ukingoni unaona Msumbiji yote. Sasa juu ya uwanda ni mchanga na vichaka na mikorosho, mwamba huuoni, matabaka yamejianika kwenye huo mkato. Ndege ikipiga kutoka mashariki inakupa uwanda wa juu vizuri sana, ambao haukusaidii, na mkato wote unakuwa mweusi tii. Ikipiga kutoka magharibi mkato unang'aa lakini umefinywa kama kitambaa.

Hakuna dawa moja. Mi nachukua picha ya kutoka magharibi sehemu ya mbali ya mkanda, ambapo wimbi linapiga kwa kulala na ufinyo unapungua, na kazi ya kuhesabu tabaka namalizia kwa miguu. Kama huna uwezo wa kuchagua mkanda basi weka alama ya "sijaona" kwenye ramani, usiache wazi kama vile umeona ukakuta hakuna.

Mistari yote inaelekea upande mmoja

Umechora mipasuko 80 na 75 inaelekea kaskazini-kusini. Kabla hujaanza kutunga historia ya bara la Afrika kugawanyika, angalia mshale wa rada, ule unaoonyesha wimbi lilirushwa kuelekea wapi. Mstari uliokaa msalaba na mwelekeo wa wimbi unang'aa au unatoa kivuli, unaonekana hata na mtu wa makengeza, ila mstari unaokwenda sambamba na wimbi unafifia au unapotea kabisa. Setelaiti za rada zinazunguka karibu kaskazini-kusini na zinaangalia ubavuni, kwa hiyo zinaangalia ama mashariki ama magharibi tu, mchana kutwa mwaka mzima, na mistari ya mashariki-magharibi inaonewa siku zote. Hapa ndo ndege inaishinda setelaiti: ndege unaweza kuiambia ipite mashariki-magharibi, iangalie kusini, ukapata ile mistari mingine.

Picha za mielekeo miwili zichore mbalimbali, karatasi mbili, bila kuchungulia ya kwanza, ndo uzilinganishe. Huna ya pili? Basi tumia modeli ya mwinuko, iangazie kwa jua la bandia kutoka kaskazini, uone kama kuna mistari mipya inajitokeza. Sio sawa na rada lakini inakuamsha.

Mstari umenyooka mno

Asili huwa hainyooshi hivyo, kwa uzoefu wangu mstari wa kilomita nyingi bila kupinda hata kidogo ni wa mtu mpaka uthibitishe vinginevyo. Huku kwetu washukiwa wanajulikana. Mkuza wa bomba la gesi la kutoka Mtwara kwenda Dar, lililoanza kazi 2015: vichaka vimefyekwa, kwenye picha inatoka kama alama ya kuchapwa kiboko. Mkuza wa umeme ni hivyohivyo, ila nguzo za chuma zinatoa nukta nyeupe zimepangana kwa umbali sawa, ukizikuza utaziona. Tuta la reli nimeshasema, aibu yangu. Mashamba ya mkonge ya Lindi, yale ya enzi na enzi, hata yaliyokufa mipaka yake bado inaonekana, na mistari ya mimea ikikaa msalaba na wimbi shamba zima linang'aa kupita la jirani lenye mkonge uleule ila limepandwa kuelekea upande mwingine. Nimewahi kuona mtu kaziita aina mbili za mwamba, mpaka ulikuwa ni barabara ya shamba. Nachingwea vilevile, mashamba makubwa ya ule mradi wa karanga yaliacha mapande ya mraba, na mwamba ni nadra kuvunjika mraba mkubwa hivyo.

Tiba yake ni rahisi na watu hawaifanyi: weka picha ya kawaida ya angani juu yake, weka ramani ya zamani ya eneo kama unayo, halafu ongea na wazee. Mzee mmoja anajua mstari wa reli, wa shamba la Mzungu, wa barabara ya zamani ya kupeleka mkonge, yote bila laptopu. Kama mstari umepita vyote hivyo salama, na mto unapinda ghafla unapoufikia, na miti ya kijani imejipanga juu yake mwezi wa tisa wakati kwingine kumekauka, sasa ndo tuongee mpasuko.

Upande mmoja wa picha umekolea, mwingine umefifia

Kama mpaka wa rangi unaenda sambamba na njia ya ndege, sio mwamba. Ni antena, nguvu yake haigawanyiki sawa, na pembe nayo inabadilika. Omba data iliyosawazishwa, au sawazisha mwenyewe kila mkanda kabla ya kuunga. Tusipoteze muda hapa.

Chenga

Picha ina chenga kama TV ya zamani ya antena ya bati. Ni kawaida ya rada, ndani ya pikseli moja kuna vitu vingi vinarudisha mawimbi, yanaongezana au yanauana. Changanya pikseli kadhaa upate wastani, au tumia filta ya kupunguza chenga, ile ya Lee ipo hata kwenye SNAP, programu ya kuchakata picha za rada ambayo ni ya bure. Ila kila ukilainisha unapoteza mistari myembamba, kwa hiyo weka nakala mbili, laini ya kutenganisha maeneo, na yenye chenga ya kufuata mistari. Aliyelainisha mara tatu akaniletea picha kama ya uji wa muhogo ananielewa.

Doa jeupe sana, au jeusi sana, na sijui ni nini

Hapa wimbi lenyewe ndo la kuuliza. Rada ya bendi ya X ina wimbi la kama sentimita 3, bendi ya L kama sentimita 24. Kwa pembe ya nyuzi 45, uso wenye mabonde madogo chini ya nusu sentimita unaonekana laini kwa X, na kwa L unaonekana laini mpaka kama sentimita 4. Sasa fikiria eneo limetandazwa changarawe za sentimita mbili, kwenye X litang'aa na kwenye L litakuwa jeusi, changarawe zilezile. Kwa hiyo ukisikia "eneo jeusi ni mchanga" muulize msemaji, jeusi kwa bendi gani?

Weupe wa kupitiliza pwani kwetu mara nyingi ni mikoko iliyosimama kwenye maji, hasa kwa bendi ya L: wimbi linapenya majani, linagonga maji, linagonga shina, linarudi lote. Mdomo wa Lukuledi na wa Ruvuma ndo hivyo, na picha ya maji kujaa na ya maji kupwa hazifanani, angalia saa iliyopigwa. Nyumba za bati zinazotazama ndege nazo zinawaka, kijiji kizima kinaweza kuonekana kama jiwe lililochomoza. Weusi wa pembenne pwani ni mashamba ya chumvi, maji yametulia kama kioo, wimbi linateleza linaenda zake.

Halafu unyevu. Udongo mkavu na udongo uliolowa ni vitu viwili tofauti kwa rada, mvua moja ya jana inapandisha weupe wa bonde zima. Nimeletewa picha mbili za eneo moja, ya Februari na ya Septemba, mtu anauliza mwamba umebadilikaje. Mwamba haujabadilika, kaka, mvua imenyesha. Kwa jiolojia tafuta picha za mwezi wa nane na wa tisa, miombo mingi imepukutika na ardhi imekauka. Mkorosho haupukutiki hivyo, kwa hiyo kwenye mikorosho mingi bendi ya X inakuchorea majani ya juu tu, na utakuwa unasoma umri wa mikorosho sio mwamba. L inapenya zaidi, na hata hiyo isikupe kiburi.

Picha nzima imehama, GPS haikubali

Kama imehama kwa kiasi kilekile kila mahali, na kiasi chenyewe ni kama mita 300 kaskazini-kusini, ni Arc 1960 na WGS84, mifumo miwili ya kupimia mahali kwenye ramani, zimegombana. Ramani zetu za zamani ziko kwenye Arc 1960, GPS yako iko kwenye WGS84, mwambie QGIS, programu ya ramani, ukweli na utaona inakaa. Kanda yetu ya UTM, ule mgawanyo wa dunia kwa ramani, ni 37 kusini. Kama imehama kwenye milima tu na tambarare iko sawa, rudi kule Masasi juu. Kama barabara iliyonyooka inatoka na mawimbi mawimbi kama nyoka, ndege iliyumba na vifaa vya kufuatilia myumbo havikufanya kazi vizuri. Hiyo usijaribu kuivuta vuta mwenyewe kwa pointi, wanatakiwa wachakate upya toka data ghafi.

Mbona haionyeshi madini?

Hili naulizwa kuliko yote, mtu wa Ruangwa anapiga simu saa mbili usiku, mjomba picha yangu imeonyesha kinywe (grafiti) kiko mita ngapi? Haijaonyesha. Haikuonyesha na haitaonyesha. Chanzo cha hii imani ni habari ya kweli kabisa: Novemba 1981 rada ya chombo cha angani cha Wamarekani ilipita juu ya jangwa la Misri na Sudan ikaona mito ya kale iliyofukiwa chini ya mchanga. Lakini ule ni mchanga mkavu wa kufa, bendi ya L, na kina chenyewe ni cha mita moja mbili hivi. Mtwara tunapata mvua karibu milimita 1,000 kwa mwaka na udongo umejaa mizizi, wimbi linaishia kwenye majani au juu ya udongo.

Rada ya ndege ilipata jina kwa sababu nyingine, mawingu. Darién kule Panama wingu lilikuwa haliondoki, picha za kawaida zilishindikana, 1967 wakarusha ndege ya rada wakapata ramani. Miaka ya 1970 Brazil wakafanya hivyo Amazon na Nigeria wakapiga nchi nzima. Walichopata ni umbo la nchi: mipasuko, mikunjo, mipaka ya miamba. Kwa mtu wa kinywe hicho kinasaidia, maana kinywe chetu kimekaa ndani ya miamba iliyokunjwa na ukijua mkunjo unaelekea wapi unajua uchimbe mtaro wapi. Ila kuambiwa kipo au hakipo, nenda na data za ndege za sumaku na umeme, halafu jembe.

Ramani yangu ya Nachingwea nimeichora upya. Ule mstari bado upo, sasa una alama ya reli. Kulikuwa na mingine miwili niliyoichora siku ileile kwa furaha ileile, mmoja unakata mto na mto unapinda vizuri kabisa pale, mwingine sina imani nao. Yote miwili nimeiweka ya nukta nukta mpaka nyasi zikauke tukaitembelee, na mzee nimeshamwambia atafute viatu.